Kwa Nini Maji ya Kapkobilo Huwatemea Wageni

Usijifute, mama. Wewe mwenye kofia ya ukindu, nasema na wewe. Rudisha hiyo leso mkobani. Najua maji yamekurukia usoni bila hodi, na kelele uliyopiga imewarusha flamingo wote upande ule wa ziwa, lakini usijifute. Yaache yakauke yenyewe. Unaitwa nani? Wavinya. Basi karibu Kapkobilo, Wavinya. Umetemewa, na hapa kwetu mtu akitemewa hakimbilii leso.

Nanyi wengine sogeeni huku kwenye mawe, msikanyage pale peupe. Pale ni ganda tu, chini yake maji yanatokota, na mimi sina nguvu za kumbeba mtu aliyebabuka mguu mpaka barabarani. Mayai yenu yamo majini tayari, na hayataiva upesi kwa sababu mnayakodolea macho. Kaeni. Mimi ni Targok, nimezaliwa pale juu kwenye yale mabati mnayoyaona, na kazi yangu ni kuwaongoza wageni na kuwagombeza. Wewe bwana mwenye simu, piga picha zako upendavyo, ila masikio yako niachie mimi. Nitawaambia kwa nini maji haya hutema.

Wakati ninaousimulia, mahali hapa hapakuwa na mvuke. Hapakuwa na chemchemi hata moja, wala hili tundu linalorusha maji juu, wala hii harufu ya mayai viza inayowafanya mzibe pua. Ziwa lilikuwa baridi na chungu, limelala tu, na watu wa bonde hawakuwa na haja nalo. Haja yao ilikuwa moto.

Moto ulikuwa mmoja katika bonde zima. Uliwaka katika nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa Kobilo, nyumba ya mwisho kabla ya kufika ufukweni, na wote waliuchukua kwake. Asubuhi wanawake walipanga foleni mlangoni, kila mmoja na kipande cha chungu kilichovunjika mkononi. Kobilo alichagua kaa zuri, akalisukuma kwa kijiti mpaka likaingia kigaeni, na mwenye kigae akaenda zake. Jioni ilikuwa vivyo hivyo. Kobilo alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, na kuulea ule moto ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Alilala mang'amung'amu, sikio kwenye mafiga, na kuni zilipolia vibaya tu alikuwa ameshaamka.

Sasa sikilizeni. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia asante. Hata mmoja.

Msiseme walikuwa watu wabaya. Walikuwa na mwiko wao, na mwiko huo ulikuwa na akili yake. Mchungaji wa kuajiriwa, mnajua, unamwambia asante siku anapomaliza kazi. Ukishamwambia, anafunga virago na kurudi kwao. Basi watu wa bonde waliamini kwamba moto nao ni mtumishi wa namna hiyo. Ukiushukuru, utadhani kazi imekwisha, na utaondoka. Kwa hiyo ulipopewa kaa ulitakiwa kugeuka na kwenda bila neno, tena bila hata kutabasamu. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kukamua mbuzi. Na kwa kuwa hawakuushukuru moto, yule aliyeutoa naye hakushukuriwa.

Tena kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui. Kwetu mzee akitaka kukubariki huchukua funda la maziwa, akalishika kinywani, akakuombea kimoyomoyo, kisha akakupulizia, pfuuu, usoni na kifuani. Naona unanikunjia uso, Wavinya. Mwenzio mtoto wa hapa akitemewa hivyo hucheka na kuomba tena. Lakini mzee habariki ovyo. Lazima kwanza aambiwe kongoi, ndiyo asante yetu. Kongoi ndiyo inayomfungua kinywa. Bila hiyo, hata akikupenda vipi, baraka hupanda mpaka kooni na kurudi chini.

Fikirini basi hali ya Kobilo. Kila kaa alilotoa, alimtakia mpokeaji mema. Huyu apone mgongo, yule azae salama, mbuzi wa huyu waongezeke. Kila mara baraka ilipanda, ikafika kooni, ikakuta mlango umefungwa, ikarudi kifuani. Asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Akawa na kifua kizito na cha moto. Waliomgusa mkono kwa bahati mbaya walishtuka, wakasema, ah, ni kwa sababu anakaa karibu na mafiga. Mtu wa kumuuliza anaumwa wapi hakuwepo.

Ndipo akaja Tapkigen.

Tapkigen aliolewa hapa kutoka juu milimani, akaolewa na kijana aliyeitwa Kiptala. Huko kwao kila nyumba ilikuwa na moto wake, na watu walishukuru kila kitu mpaka ikawa kero. Ukimpa mtu kigoda, kongoi. Ukimpisha njiani, kongoi. Ukimwambia ana jani kichwani, kongoi tena. Mama mkwe wake alimkalisha chini siku ya kwanza kabisa na kumwonya. "Mwanangu, hapa moto haushukuriwi. Ukipewa, geuka, nenda. Ukifungua huo mdomo wako utatuua wote." Tapkigen akaitikia. Kutwa mara mbili alipokea kaa kwa Kobilo, akageuka, akaenda, na neno likimwasha ulimi kama upupu. Alimwonea yule bibi huruma, lakini bibi arusi mgeni atafanya nini?

Akapata mimba, na mvua za masika zikaanza. Na si mvua ya kawaida. Mito ilifura, Kiptala akakwama ng'ambo na ng'ombe asiweze kuvuka kurudi nyumbani, na katikati ya hayo yote mtoto akaja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume, mdogo, ngozi imekunjamana, na hata sauti ya kulilia hakuwa nayo sawasawa. Mkunga alimtazama akasema jambo moja tu. "Huyu anataka joto. Akilikosa, hatafika kesho."

Na joto halikuwepo. Paa lilikuwa limeachia, maji yakaingia jikoni, kaa la asubuhi likazima. Mama mkwe alikuwa na baridi yabisi, hawezi kusimama. Tapkigen alijifunga mtoto kifuani ndani ya ngozi ya mbuzi, akachukua kigae, akatoka kwenye mvua yeye mwenyewe, mwanamke aliyejifungua jana. Alifika kwa Kobilo akitetemeka mwili mzima. Foleni ilikuwa ndefu, maana mafiga ya wengi yalikuwa yamezimwa na mvua. Hata wanaume walikuja, na miongoni mwao alikuwamo Mzee Bartonjo, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika bonde hili.

Kobilo akamwona akiwa nyuma ya foleni, akamwita. "Wewe mzazi, pita mbele." Hakumpa kaa kwanza. Alimpokea mtoto, akamfungua ile ngozi iliyolowa, akamlaza kifuani pake, kwenye kile kifua cha moto. Akakaa naye hivyo huku foleni ikinung'unika. Baadaye mtoto akapiga chafya, akafungua kiganja, akaanza kulia, kilio kidogo lakini kilio cha mtu anayetaka kuishi. Kobilo akamrudisha kwa mama yake, akachokoa moto mpaka katikati, akatoa kaa kubwa alilokuwa amelitunza chini ya majivu, akaliweka kigaeni.

Na Tapkigen akasahau yote aliyoonywa. Jamani, mtu amekurudishia mwanao mikononi akiwa hai, utageuka uende tu? Neno lilitoka lenyewe.

"Kongoi, kogo."

Yaani, asante, nyanya.

Kobilo alifungua kinywa na kukifunga. Na kabla hajafanya lolote, mto ukavunja kingo zake pale juu, maji yakashuka na matope na magogo, yakapita mlangoni, yakapita juu ya mafiga. Chwaaa! Moto wa bonde zima ukafa mbele ya macho ya watu, na kaa lililokuwa kigaeni mwa Tapkigen likafa pia, maana alikiangusha ili amshike mtoto kwa mikono miwili.

Mkiniuliza mimi, ule ulikuwa mto. Ulikuwa umefura kwa siku nyingi, ungevunja kingo hata kama Tapkigen angezaliwa bubu. Lakini nani angewaambia hivyo watu walioshuhudia neno likitoka na moto ukizima papo hapo? Walipiga mayowe. Walimtoa nje kwenye matope, wengine wakimvuta, wengine wakimsukuma. "Ameufukuza! Ameufukuza!" Mama mmoja aliyekuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani alijipiga kifua. Sitaki kuwacheka watu hao. Walikuwa wamelowa na wanaogopa.

Mzee Bartonjo akatoa hukumu akiwa amesimama kwenye mvua. Tapkigen arudi kwao milimani, sasa hivi, kwa miguu, kabla hajafungua tena mdomo ukaleta balaa jingine. Mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa bonde.

"Atanyonya nini?" Tapkigen akauliza. "Ataota moto gani?"

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na ile mikono iliyofunguka kwa Kobilo ilikuwa imejikunja tena. Tapkigen aliona, akapiga magoti kwenye tope, akamkumbatia, akawaambia wamuue yeye hapo hapo kuliko kumpokonya mtoto. Wanawake wawili wakamshika mabega.

"Mwacheni!"

Alikuwa Kobilo. Alitoka mlangoni mwa nyumba yake iliyojaa tope, na watu wakapigwa na butwaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alimwendea Bartonjo mpaka wakatazamana. "Mama yako nilimpa moto," alisema. "Mkeo nampa moto. Siku uliyotahiriwa, uliota moto wangu. Nimekutakia mema mara ngapi, wewe, na umenifungia mlango kila mara. Huyu binti leo ameufungua. Nipeni maziwa nimbariki mtoto."

Maziwa hayakuwepo. Mbuzi walikuwa wametawanyika na mafuriko, vibuyu vilikuwa vimekwenda na maji. Mtu wa kumbariki mtoto bila maziwa hajapata kuonekana, na wengine wakaanza kuguna. Kobilo hakuwasubiri. Aliteremka mpaka ufukweni, hapa hapa mlipokaa, akainama, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akayatia kinywani. Mkitaka kujua alifanya nini, rambeni vidole vyenu baadaye. Maji haya machungu hata punda huyatema. Yeye aliyashika kinywani bila kukunja uso.

Akayashika na kuyashika. Baraka zote zikaanza kupanda. Zile za asubuhi na za jioni, za waliopona migongo na za waliozaa salama, zote zilizokuwa zimelala kifuani na kuchemka. Mvuke ukamtoka puani. Akamwashiria Tapkigen amlete mtoto, lakini asimsogelee sana, asimame kando kidogo. Kisha akapuliza.

Pfuuuu!

Maji yalipanda juu kuliko mtu, kuliko nyumba, yakasambaa, yakashuka kama manyunyu yenye joto la uji uliopoa. Yakamwangukia mtoto usoni. Yakamwangukia mama yake. Mtoto akajinyoosha, akawa mwekundu, akaangua kilio ambacho, nasikia, kilifika mpaka ng'ambo ya mto kwa baba yake. Tapkigen alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujifuta. Angejifutaje? Aliyaacha yale maji yamtiririke shingoni, huku akisema kongoi, kongoi, kongoi, bila kuhesabu wala kuogopa mtu.

Na kila aliposema, Kobilo alipuliza tena.

Watu walikuwa wamekimbia wakajificha nyuma ya mawe. Walipoona mtoto yu hai, wakasogea kidogo kidogo. Kulikuwa na joto pale, joto ambalo mvua ililiangukia bila kulizima. Mzee Bartonjo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama wazi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye neno la mwisho, na neno hilo moja dogo hakuwahi kulisema kwa ajili ya moto maishani mwake. Alijaribu, likamkwama. Akajaribu tena. "Kongoi," akasema, kwa sauti ya mtoto anayejifunza kuongea, na manyunyu yakamwangukia kichwani kwenye upara. Aliinamisha kichwa akalia mbele ya mkewe na watoto wake. Halafu akamgeukia Tapkigen, akamwomba radhi, akavua ngozi yake ya mzee na kumfunika yeye na mtoto.

Baada ya hapo wakaja wote. Kila mmoja alisema yake. Kongoi kwa kaa la siku niliyoolewa. Kongoi kwa kaa la mwaka ule wa njaa. Kongoi, kogo, kwa yule mtoto wangu uliyempa moto nilipokuwa sijiwezi. Kobilo aliwapulizia mmoja mmoja, na kifua chake kikawa chepesi, na uso wake, wanasema, ukawa wa msichana. Ardhi aliyosimama ililainika kwa joto. Akashuka taratibu, magoti, kiuno, mabega, bila kuogopa, akiendelea kuwatemea. Watu walitaka kumvuta. Akatikisa kichwa. Alikuwa na baraka nyingi bado, na huko chini palikuwa na nafasi.

Alipotoweka, palibaki tundu hili. Watu wakasimama wakililia. Ndipo chini wakasikia mtu akivuta pumzi.

Moto wa kawaida ulirudi mvua zilipoisha na vijiti kukauka. Tapkigen aliwafundisha kupekecha kama kwao, na kila nyumba ikawa na mafiga yake. Lakini katika siku zile zote za mvua, bonde lilipikia hapa. Walifunga mahindi na viazi kwenye vikapu wakavitumbukiza majini, kama mlivyofanya nyinyi na mayai yenu. Hakuna mtoto aliyekufa kwa baridi. Na Kiptala alipovuka mto hatimaye, alimkuta mkewe ameketi kwenye mawe haya, mtoto mapajani, amenenepa mashavu.

Na tangu siku hiyo, maji ya Kapkobilo hupanda, yakanyamaza, yakapanda tena, kwa sababu anayebariki lazima avute pumzi. Ukimsogelea sana anakuunguza, kwa maana baraka zake ni za moto na yeye haoni vizuri tena. Ukisimama kando kidogo, manyunyu yanakufikia. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa hapa anayetoa yai, hindi wala kiazi humu bila kusema kongoi kwa sauti, tena sauti ya kusikika, si ya kunong'ona kama mnaiba. Na hatujifuti. Tunaacha yakauke yenyewe ngozini, kwa sababu yule mwanamke aliziweka baraka hizi kifuani miaka mingi akisubiri mtu mmoja tu wa kuzipokea.

Yule mtoto alikua. Alioa, akazaa, nao wakazaa, wakazaa tena, mpaka akazaliwa mtu mmoja mwenye mdomo mrefu wa kuwagombeza wageni. Ndiyo, ni mimi. Laiti Tapkigen angegeuka akaenda zake kimya kama alivyofundishwa, pale juu pasingekuwa na mabati, na mngekuwa mmekaa hapa peke yenu. Kila asubuhi nikishuka njia hii naanza na kongoi kabla sijasema neno jingine, na sijapata kuichoka.

Haya, mayai yameiva. Bwana, weka hiyo simu mfukoni, uchukue kijiko. Msiyatoe kwanza. Mnasikia huko chini? Anavuta pumzi. Simameni, ongeeni kwa sauti.

Na wewe Wavinya, vua kofia.